Mota ya umeme ya boti kutoka Industrial Area: eti samaki hata hajui umefika

Bei kwanza, maana najua wengi mnatafuta hiyo. Mota yenyewe nililipia KSh 32,000 baada ya kuvutana kutoka 38,000. Betri ya sola ya 100Ah (ampea-saa 100), ile iliyozibwa isiyotiwa maji, KSh 17,500. Breka ya ampea 50 (swichi inayokata umeme ukizidi), waya mnene na vichwa vya shaba vya kubana kwenye betri, KSh 3,400 pale Kirinyaga Road, ambako wengi wetu bado tunakuita Grogan. Jumla KSh 52,900, bila kuhesabu mafuta ya kwenda Naivasha na kurudi, wala viazi ambavyo hakuna mtu wa Nairobi anayepita Soko Mjinga bila kuvinunua.

Ni mota ya umeme ya volti 12 yenye msukumo wa pauni 30, yaani kama kilo 13 na nusu. Ina kasi tano za kwenda mbele na tatu za kurudi nyuma, shafti ya inchi 30 na mkono wa kuongozea unaovutika. Naibeba begani nikishuka ngazi za ghorofa ya tatu pale Donholm bila kupumzika. Betri ndiyo inayonivunja mgongo, kilo 29. Jina lililobandikwa ubavuni sitalitaja, kwa kuwa mota hiihii huingia mjini ikiwa na stika tofautitofauti na ukinunua kwa kufuata stika hutapata unachodhani. Duka nalo, liko upande wa Enterprise Road, nitaliacha bila jina, maana nina ya kuwasifu na nina ya kuwasuta.

Sentensi iliyonitoa pesa mfukoni ni ya kijana wa kaunta. "Boss, hii ukiishusha kwa maji, samaki hata hajui umefika." Kwamba mota inasukuma mashua, inasukuma, hilo halina ubishi. Nilichotaka kupima ni ile ahadi.

Kwenye kundi letu la wavuvi wa Jumamosi, wengi watu wa ofisini na mmoja fundi wa friji ambaye hutushinda sote, ubishi wa kelele za injini hauishi. Wapo wanaozima injini mbali kabisa na mafunjo na kumalizia kwa kafi, hawataki hata mtu apige chafya. Wapo wanaosema huo ni ushirikina mtupu, na ushahidi wao si mwepesi: Ziwa Victoria watu huvuta chambo nyuma ya boti injini ikinguruma, na mbuta wanakula. Watamu na Malindi boti hukata bahari kwa noti (maili za baharini kwa saa) sita hadi tisa, injini mbili zikitifua povu, na sulisuli anaibuka nyuma ya povu hilohilo kukimbiza chambo. Nimekaa kwenye boti ya Watamu nikaona kwa macho yangu. Kama kelele pekee ingekuwa inafukuza samaki, biashara ya kuvua kwa kuvuta chambo isingekuwapo pwani yote.

Kwa hiyo nilikwenda dukani nikiwa na shaka yangu, nikaomba kuijaribu kabla ya kulipa. Hapa duka linastahili sifa. Nyuma ya stoo wana pipa la plastiki la bluu, la lita mia mbili, lililojaa maji, wanalojaribia injini. Fundi wao ni mzee wa makamo, dasti koti lake limekula grisi mpaka limebadilika rangi. Akaibana mota kwenye ubao, akaiunga na betri, kisha akaniambia, "Usisikilize kwa hewa. Weka sikio hapa," akigonga ubavu wa pipa.

Kwa kasi ya kwanza nilisikia mvumo mwembamba, wa juu, wa brashi zikisugua. Kasi ya tatu, mvumo uleule umepanda kidogo. Kasi ya tano, maji yakaanza kuzunguka, propela ikafyonza hewa na sauti ikageuka kuwa mchakacho. Lakini sauti iliyonifanya nirudishe kichwa nyuma haikuwa mojawapo ya hizo. Ilikuwa swichi ikiruka kutoka kasi moja hadi nyingine, tak, na shafti ikigonga kibano chake kila mota ilipoanza kuzunguka, kwa sababu skrubu ya kukazia ilikuwa imelegea. Fundi akaikaza robo mzunguko, yale magongano yakaisha. Nilimkumbuka mzee huyo baadaye ziwani zaidi ya nilivyomkumbuka kijana wa kaunta.

Kwa bahati kulikuwa na injini ndogo ya petroli ya mteja mwingine inayosubiri kujaribiwa. Ikawekwa kwenye pipa hilohilo. Sikio sikuthubutu kuweka. Niliweka kiganja, na mtetemo ukanifika kiwikoni. Pipa si ziwa, kuta zake zinarudisha sauti, lakini tofauti ya aina ya sauti ilikuwa wazi: petroli inapiga chini, nzito, na mota ya umeme inalia juu, nyembamba. Aina ya sauti ina maana kubwa, kwa sababu samaki hawasikii sawasawa.

Ndani ya maji sauti husafiri kama mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Ila sauti iliyozaliwa hewani haiingii majini kirahisi: sehemu kubwa mno inagonga uso wa maji na kurudi juu. Ndiyo maana maongezi ndani ya mashua hayamsumbui samaki kama watu wanavyodhani, na ndiyo maana ninacheka nikiona baba anamkemea mtoto asiongee huku yeye mwenyewe anaburuta kreti ya soda juu ya sakafu ya fiberglass. Kile kreti kinagusa boti, boti inagusa maji, na hakuna uso wa kurudisha chochote. Injini hali kadhalika: imefungwa kwenye boti na nusu yake imezama. Nyingi za injini za petroli hata moshi wake hutolewa chini ya maji, katikati ya propela.

Samaki hana sikio la nje lakini ana sikio la ndani lenye vijiwe vinavyotikisika sauti ikipita, na ana mstari wa ubavuni unaohisi maji yanavyosogea karibu naye. Samaki aitwaye besi (bass) na tilapia hupata sauti za chini, hadi kama hetzi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 hivi, na hasa zile nzito za mamia machache. Kapi (carp) na kambare wana kifaa cha ziada: vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio, hivyo mwili mzima unakuwa chombo cha kusikilizia, na kapi hufika hadi takriban hetzi 3,000. Sasa chukua ule mvumo mwembamba wa kwenye pipa uuweke mbele ya samaki hao. Besi anaupata kwa shida. Kapi anaupata vizuri kabisa. Kijana wa kaunta angesema "besi anaweza asijue umefika," ningemwongezea mia mbili za chai.

Naivasha wako wote, na ndiyo raha ya kujaribia huko. Besi aliletwa mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa fimbo, na hula wale kamba wekundu walioletwa mwaka 1970. Kapi alionekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaongezeka hadi sasa ndiye anayejaza vikapu vya wavuvi wa nyavu. Tilapia na kambare nao wapo.

Besi huyu hata amepimwa moyo. Mwaka 2008 watafiti wa Canada walichapisha kazi ambapo walimsikilizisha aina tatu za mashua, mtumbwi wa kafi, mota ya umeme na injini ya petroli, huku wakipima moyo wake unavyosukuma damu. Zote tatu zilimshtua. Baada ya kafi alirudi kawaida kwa kama dakika 15, baada ya mota ya umeme kama 25, baada ya petroli kama 40. Kwangu mimi mwenye Jumamosi moja na safari ya kilomita 90 kila upande, hiyo robo saa kati ya 25 na 40 ni pesa. Lakini tazama tena: hata kafi ilimshtua. Hakuna mashua inayofika bila kujulikana.

Kazi nyingine, ya Austria mwaka 2006, iliwachukua kapi na samaki wengine wawili wa maji baridi ikawapigia kelele za vyombo vya majini zilizorekodiwa, kisha ikapima kotisoli, homoni ya msongo. Ilipanda kwa wote. Walipopigiwa kelele ya mfululizo, isiyopanda wala kushuka, haikupanda. Nilipokutana na habari hiyo, ubishi wa kundi letu ulianza kuniisha kichwani. Boti ya Watamu inayovuta chambo inalia sauti moja tangu asubuhi. Inapita, inakwenda zake. Anayemtia samaki wasiwasi ni huyu wetu wa Naivasha anayekuja kwa kasi, anapunguza ghafla, anaweka gia ya nyuma, anazima, anatupa nanga, anawasha tena kwa sababu nanga haijashika.

Basi tukaenda kuijaribu. Pale Kamere, ufukweni mwa Ziwa Naivasha, namkodi nahodha mmoja, mzee ambaye amevua ziwa hilo tangu sijaoa. Alipoiona mota alicheka kidogo.

"Hii ni ya kusagia nini, kijana?"

"Ni injini, mzee wangu. Ya stima."

"Na samaki wa hapa amezaliwa akisikia injini. Unamficha nini?"

Ana hoja. Boti za watalii zinazokwenda Crescent Island hupita kutwa, na nimeona watu wakitoa tilapia hatua chache kutoka njia ya boti hizo. Samaki huzoea kinachojirudia bila kumdhuru. Lakini ni mzee huyohuyo aliyenionyesha namna ya kusikiliza: unatumbukiza bapa la kasia majini, mpini unauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, unafumba macho. Mwenzangu, yule fundi wa friji, akachukua mashua ya pili na mota yangu akasogea mbali kiasi cha mita hamsini, akawa anabadilisha kasi kwa ishara ya mkono.

Kasi ya kwanza na ya pili sikusikia mota, nilisikia mawimbi madogo yakipiga mbao. Kasi ya tatu ilianza kuja, kama ungekuwa na shughuli nyingine usingeitambua. Kasi ya tano niliisikia waziwazi. Halafu akawasha injini ya petroli ya mzee, ikiwa inanguruma tu bila gia: mdundo mzito, unahesabika. Akaingiza gia: kishindo kimoja kilichonifanya nifumbue macho. Na hapo katikati, mota ikiwa kwenye kasi ya pili ambayo siisikii, nilisikia mgongano mkubwa nikadhani amegonga gogo. Alikuwa ameweka chini koleo la kung'olea ndoana.

Hayo ndiyo masikio ya binadamu, kwa ubao, mita hamsini. Ya samaki yamo majini na yapo karibu zaidi. Ila ulinganisho unasimama. Tangu siku hiyo sakafu ya mashua ninayokodi ina kipande cha zulia kuukuu, na koleo linaning'inia kwa kamba shingoni. Zulia lilikuwa bure na nina hakika limenipa samaki wengi kuliko mota.

Sasa matokeo kwenye ndoana, samaki kwa samaki, na sitayapamba.

Kwa besi, mota inalipa. Besi wa Naivasha hupenda kingo za mafunjo na vijiti vya miti iliyozama maji yalipopanda. Ukifika na petroli, hata ukizima mapema, mashua inaendelea kuteleza, unashika kafi, unagonga ubavu, upepo unakusukuma ndani ya majani. Kwa mota unafuata kingo kwa kasi ya pili, hubadilishi, husimami ghafla, na unarusha mbele ya mashua mahali ambapo bado hujafika. Wanaonigonga mapema, kabla sijamaliza kikombe cha kwanza, wameongezeka. Sehemu ya sifa hiyo ni ukimya na sehemu ni uongozi: mkono mmoja kwenye mota, mwingine kwenye fimbo, na mashua inakaa pale ninapotaka. Kusema kweli nadhani uongozi ndio wenye hisa kubwa.

Kwa tilapia sikuona tofauti ya kuandika. Akiwapo yupo. Kinachomwondoa kwenye maji mafupi ni kivuli cha mashua na wimbi linalotangulia, na mota ya umeme ina kivuli kilekile.

Kapi ndiye aliyenivutia. Unamvua kwa kukaa: ugali uliokandwa na sukari kidogo, ndoana chini, subira. Mota imezimwa muda wote, hivyo ukimya wake haukusaidii isipokuwa wakati wa kufika. Na kufika na mota kwa kasi ya tano hakukunisaidia hata kidogo. Mahali pakawa pamekufa kwa muda mrefu, sawa na petroli. Nilipoanza kumalizia mwendo kwa kafi na kushusha nanga kwa mkono, bila kuuacha mnyororo uporomoke juu ya ukingo wa mashua, fimbo zilianza kutikisika mapema. Mwenye kuvua kapi pekee abaki na pesa zake. Anunue kamba ya nanga badala ya mnyororo mrefu.

Kambare nawavua jioni na simo kwenye mashua jioni, kwa sababu ambayo nakuja kuieleza sasa hivi, na ndiyo sehemu ya tathmini hii ambayo kijana wa kaunta hakuigusa kabisa.

Viboko. Mota isiyosikika na samaki haisikiki na kiboko pia. Injini ya petroli, kwa ubaya wake wote, inatoa taarifa mapema: kiboko anakusikia ukiwa mbali, anazama au anahamia kwenye kina, unaona mstari wa mapovu, unakwepa. Ukija kimya kando ya mafunjo, unaweza kumkuta akiwa amepumzika kwenye maji mafupi, wewe ukiwa kati yake na kina. Hapo ndipo watu huumia. Mzee wa Kamere alinikataza kupita njia mbili kwa mota ya umeme, akaninyooshea kidole ni zipi. "Kiboko hapendi mgeni asiyepiga hodi," alisema, akagonga ubavu wa mashua kwa mpini wa kafi, mara tatu, taratibu. Ndiyo, mgongano uleule niliotoka kuulaani. Karibu na mafunjo yenye njia za viboko tunagonga, samaki wakimbie wakitaka. Mahali pa wazi tunanyamaza. Na petroli inabaki nyuma ya mashua, ikiwa tayari, kila safari.

Inabaki pia kwa sababu ya upepo. Naivasha baada ya saa saba mchana huamka. Pauni 30 zinatosha asubuhi maji yakiwa shwari. Dhidi ya upepo wa alasiri, na watu watatu ndani, mashua inasimama mahali pamoja ikiwa kasi ya tano na betri inaisha. Anayedhani atauza injini yake ya petroli anunue hii, asithubutu.

Gugu maji nalo lina dai lake. Propela ya mapanga mawili hujiviringa mizizi haraka, na dalili ya kwanza ni sauti: mvumo unashuka, mtetemo unaingia kwenye mkono. Zima, inua, ondoa kwa kisu. Ukilazimisha, pini ya propela inakatika. Imetengenezwa ikatike ili mota isiungue, ni haki yake, lakini dukani hawakunipa hata moja ya akiba, na walipoulizwa wakasema zitakuja na kontena. Fundi wa Grogan alinikatia chache kwa bei ya soda. Alitaka kunitengenezea za chuma kigumu "zisikukatikie tena, mkubwa," ikabidi nimweleze kwamba nataka zikatike.

Betri, kwa kuwa mtauliza. Nilipima kwa mita ya kubana: kasi ya kwanza ampea 8, ya tatu 15, ya tano 29. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae, kwa hiyo 100Ah ni 50 za kutumia. Ukiwa kasi ya tano ni saa moja na dakika arobaini hivi. Ukiwa kasi ya kwanza ni saa sita. Mimi hucheza kati ya ya kwanza na ya pili asubuhi nzima na narudi na akiba. Kuichaji kwenye balkoni usiku kunakula chini ya yuniti moja ya tokeni, ingawa mke wangu anaamini ndiyo inayomaliza stima nyumba nzima.

Na hapa ndipo ninapowasuta wauzaji. Kijana wa kaunta aliniambia betri yoyote ya gari inatosha. Haitoshi. Ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha altaneta inairudisha. Ukiinywa polepole hadi nusu kila Jumamosi, haimalizi msimu. Pia mota ilitoka dukani bila breka wala fyuzi, waya wazi mbili na vibano. Ampea 29 kwenye waya usio na breka, propela ikikwama kwenye gugu, ndani ya mashua yenye tangi la petroli. Nilipouliza, jibu lilikuwa kwamba wateja wengine hawajalalamika. Mzee wa dasti koti, aliyekuwa anasikia, alinivuta pembeni akaniandikia kwenye kipande cha katoni ninunue nini na niifunge wapi: breka karibu na betri, si karibu na mota. Warranti ni miezi sita na lazima risiti iwe na muhuri, kwa hiyo hakikisha wamepiga muhuri kabla hujatoka, maana bila kuwakumbusha hawapigi.

Tangu niinunue, mota haijanisumbua. Shafti imechubuka kidogo pale inapobanwa. Swichi bado inapiga tak. Dawa yangu ni kuchagua kasi nikiwa mbali, kisha siigusi. Kama nataka kwenda taratibu zaidi nageuza mashua kuelekea upepo badala ya kubadilisha kasi. Nimeweka pia vipande vya tyubu ya baiskeli kati ya kibano na ubao wa nyuma, mtetemo unaoingia kwenye mashua umepungua, hata miguu inahisi tofauti.

Kwa mtu wa Nairobi anayevua besi, ana mashua ndogo au nahodha anayemruhusu kufunga kitu nyuma, na ana petroli ya kurudia nyumbani, naipa nyota nne. Kwa mvuvi wa kapi na tilapia, mbili. Kwa anayekwenda bwawa la Masinga, ambako maji ni mapana na mamba wapo, nenda na boti yenye injini kamili na nahodha wa kule, hii iache nyumbani.

Ukienda kununua, nenda siku ya kazi asubuhi na umwombe yule fundi, si kaunta, akuwashie kwenye pipa. Weka sikio. Kama shafti inagonga, mwambie akaze hapohapo. Na kabla hujakubali bei, sema unajua kuna watu walioilipia 32,000.